Meli Nilizozifukia kwa Majivu

Mume wangu hakuwahi kuiona bahari. Alizaliwa karibu na Butiama, akafanya kazi Musoma, akahamia Bunda, na kote huko maji aliyoyajua ni ya ziwa. Lakini alikuwa na meli za bahari ishirini na sita, na mimi ndiye niliyeziharibu, zote isipokuwa moja. Naliandika hilo mapema ili anayesoma asije akanihurumia kwa jambo asilolijua.

Zilikuwa picha za matangazo. Zamani, kabla wenye fedha hawajazoea ndege, kampuni za meli zilichapisha picha kubwa za rangi na kuwapelekea mawakala wao wazibandike ukutani, ili mtu akipita azione na atamani kukata tiketi. Mume wangu alikuwa ameajiriwa Musoma, mtaa wa Iringo, kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja mzee. Baba wa yule mzee ndiye aliyekuwa wakala enzi hizo. Picha zilizobaki aliziviringisha kwenye gogo la karatasi ngumu, lile linalobaki katikati jora la kitambaa likiisha, akaliweka juu ya dari la stoo, likasahaulika.

Kisha ikaja ile miaka ya shida. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi, na madukani hapakuwa na kitu. Duka la yule mzee likabaki na vifungo, nyuzi nyeusi na kalenda ya mwaka uliopita. Alipoamua kufunga na kuwafuata wanawe ng'ambo, alimwita mume wangu akamwambia achague kitu kimoja dukani, chochote, kwa miaka yote aliyomtumikia. Mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa ulikuwa pale. Mizani ilikuwa pale. Mume wangu akapanda juu ya dari akashuka na lile gogo.

Mimi nilikuwa nimeutamani ule mkasi. Nilikuwa na cherehani ya mkono na mabinti wetu wawili wa kuwashonea. Alipoingia nyumbani na gogo la vumbi begani, nilimuuliza kama tutakula karatasi. Akasema tuzitazame kwanza, njaa itasubiri.

Zilikuwa tisa. Alitandika jamvi, akanawa mikono kama mtu anayekwenda kula, akazitandaza moja moja na kuweka vijiwe kwenye pembe. Sikutaka kutazama, lakini nilitazama. Meli nyeusi imeinuka kama ukuta wa kanisa, na watu chini yake wadogo kama siafu. Meli nyeupe kwenye maji ya kijani. Nyingine ina mabomba matatu ya moshi, mekundu, na jua limezama nyuma yake. Kwenye moja kulikuwa na mwanamke ameegemea chuma cha ukingoni, na mwavuli wa njano mkononi.

"Umeona?" akaniambia. "Hakuna aliyebeba kitu."

"Huyu ana mwavuli."

"Mwavuli si mzigo, mama."

Kabla ya kwenda dukani, mume wangu alikuwa kuli bandarini Musoma. Alipakia magunia ya pamba na ya dagaa kwenye meli ya ziwa mpaka bega lake la kulia likashuka, na halikupanda tena. Alisema kwamba katika miaka yote ile hakuona mtu akipanda meli mikono mitupu. Kila mtu alikuwa na kuku, au mtoto, au godoro. Ndiyo maana zile picha zilimshangaza. Mimi baba yangu alikuwa mvuvi upande wa Kibara, na kwetu chombo cha majini ni cha kuletea sato na furu, si cha kutazama. Kwa hiyo sikumwelewa vizuri. Nilimpenda tu, na nikaziacha picha zikae.

Tulihamia Bunda, Manyamanyama, ambako kaka yangu alitugawia kiwanja chenye nafasi ya shamba dogo la muhogo nyuma. Mume wangu akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Na hapo ndipo alipoanza kuzitafuta picha nyingine.

Haikuwa kazi rahisi, kwa sababu miaka ile karatasi nene haikulala bure. Ilitumika kujalidi madaftari ya shule. Fundi aliikata akapata kielelezo cha kola. Muuza karanga aliikunja akafanya vifurushi. Mume wangu akawa kama mtu anayekimbizana na mikasi. Nyumba ya zamani ya meneja wa kiwanda ilipokuwa ikipakwa chokaa, alizibandua mbili ukutani kwa maji ya uvuguvugu, siku nzima ya mapumziko yake. Kwa fundi mmoja wa Musoma alipata moja iliyokwisha kukatwa umbo la mkono wa shati. Ukiitazama unaona bendera, kipande cha sitaha na nusu ya mpiga tarumbeta. Aliihesabu kuwa ni meli kamili.

Safari moja alikwenda kwao Butiama kwenye msiba, akaona mtoto wa shule amejalidi daftari lake kwa buluu ambayo aliijua mara moja. Akamfuata mpaka nyumbani kwao. Alirudi na mbele ya meli, yaani nusu tu, imechanika katikati, na kwa ajili yake alikuwa ametoa kipande cha sabuni nilichompa akafulie huko. Sabuni hiyo niliipangia foleni kwenye duka la kaya tangu asubuhi hadi adhuhuri. Siku hiyo niligomba kweli. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema nusu ya nyuma lazima iko kwa mtoto mwingine, na kwamba mtoto akihama darasa daftari hutupwa. Aliitafuta hiyo nusu kila alipokwenda kwao. Hakuipata. Ile aliyoipata aliibandika ndani ya kifuniko cha sanduku letu la nguo kwa uji wa muhogo, kwa sababu ilikuwa imechoka mno kuviringishwa.

Jumapili baada ya kanisa ndiyo ilikuwa siku yake ya kuzitandaza. Jirani walikuja. Wanawake walicheka kofia, wanaume walibishana meli ile inakula kuni kiasi gani. Asiyenawa mikono hakuruhusiwa kusogea, hata angekuwa mzee wa kanisa.

Jirani mmoja hakuwahi kuja, na huyo ndiye aliyekuwa rafiki yake hasa. Alikaa ng'ambo ya barabara, mlango unatazamana na wetu. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na kwa zamu walizopangiana wafugaji, Jumapili ilikuwa siku yake ya kuchunga. Jioni akirudi picha zilikuwa zimekwisha kuviringishwa, na mume wangu hakuzifungua kwa taa, aliogopa moshi wa kibatari. "Ziko wapi hizo meli zako zisizovua hata ningu?" alimtania akipita. "Nitaziona nikistaafu ng'ombe." Walicheka. Mimi aliniita shemeji. Katikati ya juma, alipoitwa, alivaa sare ya mgambo.

Halafu ukaja ule msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Wanaokumbuka wanakumbuka. Watu walitupa mablanketi mapya chooni. Kuna mtu tuliyemjua aliyemwaga sukari mtoni kwa sababu ilizidi kilo mbili. Nyumba zilipekuliwa, na mara nyingine waliopekua ni watu uliokuwa ukisali nao. Kanisani mwanamke mmoja alininong'oneza kwamba kuna mtu kakamatwa upande wa Musoma kwa kukutwa na makaratasi ya nje yenye bei za fedha za nje. Sijui kama ilikuwa kweli. Mimi nina darasa la nne, Kiingereza sijui, lakini tarakimu najua. Niliporudi nyumbani nilizitazama zile picha chini, pale penye maandishi, na kwenye nne nikaona tarakimu. Zilikuwa nauli za watu waliokwisha kufa. Wakati ule mimi niliona gereza.

Nilimwambia mume wangu tuzifiche. Alikataa. Alisema akizificha atakuwa amekubali kwamba ni za wizi, na hizi alipewa mbele ya watu. Alisema wakija ataziweka jamvini awaonyeshe, ila wanawe mikono. Hakuwa anatania. Nikaona kabisa atakavyosimama pale na bega lake lililoshuka akiwaeleza watu wenye marungu habari za mabomba ya moshi.

Siku iliyofuata, alipokwenda kazini, nilizitoa. Nilikuwa na chungu kikubwa cha mama yangu, kile alichokuwa akihifadhia mbegu. Kwetu mbegu ya maharage unaichanganya na majivu makavu, unafunga mdomo wa chungu kwa udongo, na dudu haligusi mpaka msimu mwingine. Mimi nilijua hifadhi hiyo tu. Picha hazikuingia zikiwa zimeviringishwa, kwa hiyo nilizikunja. Nilizikunja mara nne, na karatasi zililia. Nikaweka safu ya majivu, safu ya picha, safu ya majivu, nikafunga kwa udongo wa kichuguu, nikachimba katikati ya muhogo nikafukia. Niliazimia iwe wiki tatu, mwezi.

Sasa ilibidi nimwambie kitu akirudi. Nikimwambia ukweli angezifukua jioni ile ile. Nikasema wamekuja wakazichukua.

Aliketi kwenye ngazi. Aliniuliza ni nani. Nikasema mgambo. Akauliza mgambo wangapi, na walikuwa akina nani. Nikanyamaza. Akatazama ng'ambo ya barabara.

"Na huyu wa hapa alikuwepo?"

Sikuitikia. Sikukataa pia. Niliingia ndani nikakoroga uji ambao hakuna aliyekuwa akiungoja.

Nimefikiria sana kuhusu kunyamaza kule. Uongo wa kwanza niliusema kwa hofu, na naweza kuueleza. Huu wa pili sikusema hata neno, na siwezi kuueleza mpaka leo. Labda niliona kwamba akimkasirikia mtu wa karibu hatakwenda kupiga kelele kwa watu wa mbali. Labda sikufikiri kitu.

Mume wangu hakumwendea rafiki yake. Aliona ni juu ya yule kuja kumwambia. Na hata alipoanza kwenda ofisini kudai picha hakumtaja, kwa sababu alisema jirani hatajwi ofisini. Aliacha tu kumsalimia. Asubuhi yule alipokuwa akifungua zizi na kuita, "Kapteni, umeamkaje?" mume wangu alipita kama aliyepita karibu na mti. Siku ya kwanza jirani alicheka. Siku ya nne aliacha kucheka. Wiki ile ile ng'ombe wake mmoja alikata kamba akaingia kwenye muhogo wetu akavunja mashina machache, na jioni akatuletea maziwa ya kuomba radhi, kibuyu kimejaa. Mume wangu alinituma nikirudishe. Nilikirudisha. Nikienda na nikirudi nilikiwaza chungu changu kule nyuma, ardhini.

Mwezi haukutosha. Msako ulipopoa palikuja masika, na mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa. Nilifukua siku moja ambayo alikuwa zamu ya mchana. Udongo wa mdomoni ulikuwa umeyeyuka na chungu kimejaa maji.

Majivu yakilowa si majivu tena. Hilo hakuna mwanamke wa kwetu asiyelijua. Maji ya majivu ndiyo tunayochuja kulainishia mboga ngumu. Na miaka ile ya kukosa sabuni tulifulia hayo hayo, tukaona yalivyokula rangi ya khanga mpaka ua likabaki kivuli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeharibu khanga mbili. Nilijua kabisa, ila siku ya kuficha nilifikiria dudu, sikufikiria mvua. Niliingiza mkono nikatoa kitu kama ugali wa kijivu. Nilijaribu kuutenganisha. Mahali pamoja niliona njano kidogo, labda ni mwavuli. Nilipougusa ulibaki kwenye kidole.

Nilifukia tena kila kitu na chungu cha mama yangu humo humo, nikapanda muhogo juu.

Kama zingekuwa nzima ningemwambia. Naamini hivyo. Lakini sikuwa na kitu cha kumrudishia isipokuwa ukweli mtupu, na kila siku niliyoahirisha iliongeza siku nyingine ya kueleza.

Yeye akaanza kwenda ofisini. Alikwenda ya kata, akatumwa ya wilaya, akaambiwa mali zilizochukuliwa ziko Musoma. Likizo zake zilikwishia kwenye mabenchi ya Musoma. Walimwambia aandike barua, akaandika. Walimwambia alete orodha ya mali, akanunua daftari akaziandika zote ishirini na tano kwa kichwa, na ya ishirini na sita, ile ya sandukuni, akaandika kwamba hiyo anayo, asije akadai kisicho chake. Majina ya meli hakuweza kuyasoma, kwa hiyo aliandika alivyoziona. "Nyeusi, kama kanisa." "Ya mabomba matatu, jua nyuma." "Ya mkono wa shati." Karani mmoja alimwambia, "Mzee, meli hutafutwa bandarini," na ofisi nzima ikacheka. Alinisimulia hayo akiwa anavua viatu, akacheka na yeye kidogo.

Watu wengine walirudishiwa vitu vyao, wengine wakakuta stoo tupu. Kila liliposikika tangazo alikwenda. Nilimfungia viazi kwenye kitambaa. Kila mara aliporudi nilimuuliza, "Wamesemaje?" Niliuliza hivyo miaka kumi.

Katikati ya miaka hiyo alifariki mama wa jirani yetu. Hapa kwetu unaweza ukakosana na mtu kwa mpaka, kwa mke, kwa lolote, lakini msiba wake unakwenda. Unabeba kuni, unakaa. Mimi nilikwenda nikapika siku zote tatu. Mume wangu alikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu, hatua arobaini kutoka penye jeneza, ameupa msiba mgongo. Wanawake walitazama ng'ambo, halafu wakanitazama mimi, halafu wakaendelea kuchambua mchele. Jirani alinijia na macho mekundu. "Shemeji, anaumwa?" Nikasema, ndiyo, anaumwa.

Baadaye nchi ilifunguliwa, kama watu walivyosema. Sabuni zikaja za rangi zote, na mitumba, na redio za betri. Mnadani Bunda wachuuzi walitandaza picha kubwa za kung'aa kutoka Dubai: maporomoko ya maji, farasi, magari ya harusi. Siku moja nikaona ya meli, nyeupe, ndefu, ghorofa juu ya ghorofa. Nikainunua. Nilimpa bila kusema kitu, na moyo wangu ulikuwa ukipiga kama wa mwizi, na kweli ndivyo nilivyokuwa.

Aliitazama vizuri, mpaka pembeni. "Nzuri," akasema. "Asante, mama." Akaibandika sebuleni, juu ya meza. Sikumwona akiitazama tena.

Kifua chake kilianza na vumbi la pamba, au ndivyo tulivyodhani, halafu kikawa kitu kingine. Alipolazwa Musoma alikuwa ameisha mwili, bega zuri nalo limeshuka likalingana na lile bovu. Aliniagiza nimletee daftari. Macho yalikuwa yamekataa, kwa hiyo akaniomba nimsomee. Ilikuwa asubuhi, baada ya wauguzi kupita. Nilisoma polepole, maana mimi si msomaji. Alifumba macho. Kila meli niliyoisoma alitikisa kichwa kidogo, kama anayeitikia wageni wakiingia. Nilipofika kwenye mwanamke wa mwavuli wa njano, nikaacha kusoma.

"Endelea."

"Baba, hakuna aliyezichukua," nikasema. "Nilizifukia mimi. Kwenye muhogo."

Hakufumbua macho. Nikadhani hakusikia, na nakiri hapa kwamba nilitumaini hakusikia.

"Kwenye nini?"

"Kwenye chungu cha mama. Kwa majivu."

"Majivu," akasema. "Na masika yale."

"Ndiyo."

Nilimweleza yote, mpaka njano ya kwenye kidole. Nilipofika kwa jirani nilimwambia kwamba mtu yule hakukanyaga kwetu siku ile, na kwamba mimi niliulizwa nikanyamaza. Hapo ndipo alipofumbua macho. Nilikuwa nimejiandaa miaka kumi kwa ajili ya yale atakayoniambia kuhusu picha. Hakusema lolote kuhusu picha.

"Mama yake nilimwacha akazikwa," akasema. "Nilikuwa nimekaa pale kwenye ngazi."

Halafu akaniambia niende nikamwambie. Nisitume mtu. Niende kwa miguu yangu, nisimame kwake, nimwambie kama nilivyomwambia yeye.

Nilipanda gari mchana huo huo. Jirani nilimkuta zizini anamfunga ndama. Nilisimama nje ya miti ya zizi na nikasema kila kitu, na sikulia, kwa sababu niliona si haki yangu kulia mbele yake. Alisikiliza huku ameshika kamba.

"Shemeji," akasema mwishoni, "mimi nilidhani ni kwa sababu ya yule ng'ombe."

Sikuelewa.

"Aliyevunja muhogo. Nilimuuza mwaka ule ule. Nikasema labda hasira itaisha." Akamwachia ndama. "Nilikuwaga nasema moyoni, huyu mtu mashina sita ya muhogo yanamkosesha kumzika mama yangu?"

Nikamwambia hapana.

Aliingia ndani akaoga. Akatoka amevaa shati la kanisani, akamwambia mkewe atalala Musoma. Hospitali nilimwonyesha kitanda, kisha nikatoka nikakaa barazani, chini ya dirisha. Sikutaka kusikia, na pia sikuweza kwenda mbali. Yaliyosemwa mwanzoni kwa sauti ya chini siyajui, na sikuwahi kuuliza. Niliyoyasikia ni jirani aliposema, kwa sauti yake ya siku zote, "Haya sasa, niambie hizo meli. Miaka yote umenifunga kwa vitu ambavyo sijaviona."

Na mume wangu akaanza kumwambia. Pumzi ilikuwa fupi, kwa hiyo aliziambia kidogo kidogo, nyeusi kama kanisa, ya kijani, ya mabomba matatu. Jirani aliuliza maswali ya mtu wa ng'ombe. Wanakunywa nini humo? Maziwa wanapata wapi? Na watu wamebeba nini?

"Hawajabeba kitu," nikamsikia mume wangu akisema. "Hata mmoja."

"Hata huyo mwanamke?"

"Ana mwavuli."

Jirani alikaa siku mbili. Mume wangu alifariki siku ya tatu, asubuhi, mimi nikiwa nimekwenda kuchota maji. Kati ya siku ile niliyokiri na siku ya kifo chake alizungumza nami vizuri. Aliomba mto usogezwe. Aliuliza kama mvua imenyesha Bunda. Alinikumbusha niwaandikie mabinti. Sikuthubutu kumuuliza kama amenisamehe, na yeye hakusema. Watu wakinifariji huniambia kwamba bila shaka alinisamehe, angalia alivyokuwa mtu mpole. Walimjua upole. Hawakujua nilichokifanya.

Tulimzika kwao, karibu na Butiama. Jirani alichimba kaburi na ndugu wa marehemu, akakataa kupokewa jembe. Siku ya kumaliza matanga wazee waligawa vitu, kama ilivyo desturi. Koti lilikwenda kwa mdogo wake. Baiskeli kwa mtoto wa dada yake. Kisha mzee aliyekuwa akigawa akainua lile daftari, akalifungua, akasoma mstari mmoja wa meli kwa mshangao, akauliza hili ni la nani. Hakuna aliyelitaka. Mimi mikono yangu ilikuwa imelala juu ya magoti na haikuinuka.

"Nipeni mimi," jirani akasema kutoka nyuma. "Si ndiye niliyezichukua?"

Hakuna aliyecheka, maana waliojua tulikuwa wawili tu. Alinitazama. Halikuwa tusi, wala sidhani kama ulikuwa mzaha. Mzee akampa.

Miaka imepita. Mimi bado naishi Manyamanyama. Picha ya Dubai ilipauka nikaibandua. Nusu ya meli ya Butiama iko bado kwenye kifuniko cha sanduku, na mende wamekula uji pembeni. Nikifungua kuchukua nguo naiona mbele yake inavyoingia kwenye maji, halafu inakatika. Mbegu za maharage nazihifadhi kwa majivu kama mama yangu, kwa sababu sina njia nyingine ninayoijua.

Nilianza kuandika haya kwa sababu nilijaribu kuzihesabu zile picha kichwani nikaishia kumi na tisa. Nimerudia siku nyingi. Saba zimenipotea, na pengine kuna moja nimeihesabu mara mbili. Zote ziko kwenye daftari, kwa mwandiko wake, na daftari liko ng'ambo ya barabara kwenye kabati la jirani. Asubuhi ananisalimia, "Shemeji, umeamkaje?" nami naitikia. Angenipa nikiomba. Angenisomea hata, kama ningesema macho yangu yamechoka. Sijaenda kuomba.